Kapa

Habari namba mia mbili na kumi na nne:
picha, ukurasa wa tano, kona ya chini kushoto,
juu ya tangazo la magodoro.
Mwanamke amesimama pale Mirongo unapolitapikia ziwa,
maji magotini, beseni kichwani.
Maelezo: "Wananchi wakiendelea na shughuli zao."

Mimi niliandika 3, Uchafuzi.
Holo aliandika 7, Maisha ya jamii.

Tulikuwa wasimbaji wawili, meza moja,
chuoni Nyegezi, chumba kisicho na feni,
miaka ishirini ya magazeti imefungwa kwa katani
inanuka mende.
Sharti moja: msiongee.
Kila mtu asome kivyake, aweke namba,
halafu kompyuta ipime mmekubaliana kiasi gani.
Kipimo chenyewe kinaitwa kapa.
Tulicheka siku ya kwanza.
Nani aliyeupa ukweli wa wasomi
jina la mtu aliyetoka mnadani mikono mitupu?

Nikahesabu. Magugu maji:
mara arobaini "adui", mara kumi na tisa "mvamizi",
mara moja tu "ua"
(makala ya Jumapili; ile zambarau ilimponza mwandishi).
Sangara: tani, dola, viwanda, dola.
Waliosema: mkuu wa wilaya, mkurugenzi, mtaalamu,
mkurugenzi tena, na "chanzo kilichokataa kutajwa".
Ziwa halikunukuliwa.
Wala wanawake wanaoanika dagaa kule Mwaloni,
ambao ukiwauliza maji yalibadilika lini
watakutajia mwezi,
na mtoto aliyezaliwa mwezi huo, na nani alimpokea.
Jedwali la nne, safu ya saba:
sifuri, sifuri, sifuri.
Sifuri nazo zina umbo la mdomo.

Dokta Majura akatuita. "Teteeni namba zenu."

Nikasema: tazama povu, limemzunguka kama kola.
Nikasema: tazama mfuko ule wa nailoni, na bomba nyuma yake.
Nikataja nadharia, nikataja na mwaka wake.
Holo alikuwa akikuna wino mezani kwa ukucha.
Nikasema: mpiga picha ameliona tatizo,
mhariri akalizika chini ya neno "shughuli".
Nilijipenda siku ile.

Holo akasema, "Huyo ni mama mkubwa.
Anaitwa Nyanjige.
Kwenye beseni kuna sare yangu ya darasa la kwanza.
Tuliikata hiyo picha, tukaibandika kwa ugali ukutani,
kila mgeni aliyeingia alionyeshwa.
Na hilo povu
ni sabuni yetu."

Nje mtu alikuwa anafyeka nyasi.
Dokta alivua miwani, akaivaa, akafungua mwongozo ukurasa wa tisa:
msimbaji asiwe na uhusiano na anachokisoma.
"Iondoeni," alisema,
na kwa kweli hakusema kwa ubaya.

Tuliiondoa. Kapa ikapanda
kwa kiasi cha unywele.
Tasnifu ikapita, ikajalidiwa, nyekundu, herufi za dhahabu;
ipo maktaba, rafu ya chini, ukiinama utaiona.
Sikuandika popote kwamba katika mji huu
hakuna asiye na uhusiano na haya maji:
tunayanywa, tunayafulia,
tunayarudishia kila tulichokuwa nacho mikononi.
Mwongozo haukuwa na namba yake.

Lakini nilitoa nakala ya picha, shilingi mia,
tukapanda na Holo hadi Igogo,
kwenye nyumba iliyoegemea jiwe kama mtoto mgonjwa.
Nyanjige alifuta mikono kwenye kanga, akaishika karatasi
mbali na macho, halafu karibu.
Nilikuwa na maswali kumi na mawili, na kinasa sauti.
Hakuitazama sura yake.
Povu hakulitaja, wala sare.
Aliweka kidole pale magotini.

"Kumbe maji yalikuwa yanafika hapa," alisema.
"Siku hizi hapo unapita na viatu."