Swali Lililobaki

Bi Rattray alinifunza kuketi kabla ya kunifunza kusimama.
Mwezi mzima, mahakama ya Dundee, benchi la pili,
nanusa naftalini ya joho lake
na kuhesabu maneno ya maswali yake:
saba. Sita. Siku moja, mawili.

"Swali refu ni kamba," aliniambia.
"Unampa shahidi, anakufunga nayo."
Akanikataza *kwa nini*.
"Huo ni mlango. Ukimfungulia
anaingia na ukoo wake mzima."
Akanikataza kushangaa, kushukuru,
na kuuliza nisilolijua jibu lake.
Kisha akamung'unya peremende ya kikohozi
akaenda kumlisha paka.

Zoezi nikalifanyia nyumbani. Mama alikuwa akimenya viazi.
Nikamwambia: wewe shahidi, mwiko huu ndio kiapo.
Akacheka. "Kesi gani?"
Nikaokota iliyo karibu: usiku baba alipoondoka
kwenda visima vya mafuta, baharini kaskazini, asirudi.
Nilikuwa na miaka sita. Hadithi naijua
kama ninavyozijua ngazi zetu gizani.

Ilikuwa Novemba? — Ndiyo.
Theluji ilikuwa imeanza? — Ndiyo.
Alibeba sanduku? — Ndiyo.
La kahawia? — La kahawia.
Lilikaa juu ya kabati? — Ndiyo.
Mgongo wake ulikuwa umeteguka tangu kiangazi?

Kisu kikasita.
— Ndiyo.

Hakuweza kuinua mikono kupita mabega?
— Hata shati nilimvisha mimi.

Basi sanduku hakulishusha yeye.

Hilo halikuwa swali, na mama hakulijibu.
Ganda la kiazi lilining'inia, refu, halijakatika.
Sikukusudia. Nilifuata nilivyofunzwa tu,
jambo moja kwa kila swali,
ndo, ndo, ndo,
nikastuka maji yamefika magotini
ndani ya chumba alichokifunga miaka kumi na tisa.
*Kwa nini* ilikuwa ulimini tayari.
Niliisikia ikikwaruza meno.

"Sina maswali zaidi," nikasema.
Akasuuza kisu. "Huyo mwanamke wako,
anakulipa ngapi kukufunza haya?"
Tulikula viazi visivyo na chumvi.
Hakuna aliyeiomba.

Jumatatu alipanda kizimbani Lorne Petrie,
mlinzi wa usiku wa kiwanda cha jemu,
aliyemwona Ruaridh Keay saa nane za usiku
akitoka langoni na mabomba ya shaba begani.
Alimwona waziwazi, alisema, chini ya taa.

Nikasimama. Magoti yalikuwa ya mtu mwingine.
Ni taa ya lango la mashariki? — Ndiyo.
Hiyo peke yake? — Ndiyo.
Wewe ndiye unayeandika daftari la hitilafu?
Akanitazama. Alikwisha kuona ninakokwenda,
kama mama, kabla sijafika.
— Ndiyo.
Huu ni mwandiko wako, wa Ijumaa? — Ndiyo.
"Taa ya mashariki imekufa." Ndivyo ulivyoandika?
— Ndivyo, lakini acha nieleze...

Na kweli alitaka kueleza. Mkono wake
ulikuwa umeshika ukingo wa kizimba
kama mtu aliye kwenye ngazi mbovu.
Labda kulikuwa na mwezi. Labda tochi.
Labda alimwona kweli, na taa aliiongezea tu
ili tumwamini.
Watu kumi na watano wa baraza waliinama mbele.

Nikaketi.

Ruaridh alinikonyeza. Sijui kama aliiba.
Bi Rattray aliandika kitu, akakikata,
na hadi leo hajaniambia alikata nini.

Nilirudi jioni na basi la nambari kumi na saba
joho likiwa mfukoni mwa plastiki, limelowa.
Jikoni taa ilikuwa inawaka. Hakukuwa na viazi.
Mama alikuwa amekaa, kiti amekigeuza
kuelekea mlangoni, mwiko mezani mbele yake.

"Haya," akasema. "Lile lililobaki."

Nikafungua mdomo.
Jibu lake sikulijua.