Kibanda Namba Kumi na Saba

Mbeyu, meza usiiweke mbele yako.
Mwaka jana niliiweka,
nikaketi nyuma yake kama karani wa korti,
mikono juu ya kitambaa cheupe cha kuazima,
na watu wa Malindi wakapita wakinisalimu
kama wanavyomsalimu mfiwa:
kwa adabu, na kwa haraka.

Kutwa nzima niliuza chupa moja.
Aliyeinunua ni mjomba Kazungu.

Bango nalo, lisome kabla hujalipa.
Katana wa kompyuta aliandika MAFUTA YA NZAI
na ufunguzi ulikuwa kesho yake.
Mzee mmoja wa Ganda akaja akauliza ni Nzai yupi,
wa mbari gani, na mafuta hayo kayaanza lini.
Nilipomwambia ni nazi, herufi zimerukana,
alisikitika kweli. Alikuwa na binamu wa jina hilo.

Kibanda cha kumi na sita kilikuwa cha benki:
spika mbili, kalamu za bure, peremende za bure.
Foleni yao ilinifunika.
Watoto walikula kule, wakatupa karatasi kwangu.

Kizuri chajiuza, tuliambiwa.
Nimekiona kizuri changu, Mbeyu,
kimekaa juani tangu saa mbili hadi magharibi
kikingoja kujiuza.

Usiku nikalala macho, napiga hesabu ya ada,
ya bodaboda, ya makreti kwenda na kurudi.
Uani mama anakuna nazi ya wali.
Kwaru. Kwaru. Kwaru.
Na mtoto wa jirani, ambaye hakuna aliyemwita,
akaja akasimama kando yake,
kiganja wazi.

Asubuhi nikabeba mbuzi.
Askari wa lango akasema mifugo ina mlango wake, kule nyuma.
Nikafunua leso. Akaliona lile jino la chuma,
akacheka hata kofia ikamtoka.

Meza nikaisukuma mpaka ukutani.
Nikakaa kwenye njia ya watu, nikakuna.
Sikuita mtu. Spika ya benki ilipopumua,
kwaru ikasikika, na foleni yao ikageuza shingo.
Mmoja akaomba kuonja. Wa pili akapaka mkononi, akanusa.
Kufika adhuhuri sikuwa na pa kuweka mguu.

Hapo ndipo nilipokosea.
Alikuja mpishi wa hoteli moja ya Kasuarina,
mama mnene, kalamu sikioni.
Hakuuliza bei. Bei nilikuwa nayo ulimini, mpaka senti.
Aliuliza, "Kwa mwezi unatoa lita ngapi?"
Nikasema, "Nyingi."
Akaniangalia kidogo.
"Nyingi" si namba, Mbeyu.
Akachukua kalamu ya bure pale benki, akaenda zake.

Daftari ninakupa. Mwaka jana nilijaza majina sitini na moja.
Jina peke yake halitoshi, andika na alilosema:
Bi Umazi wa Maweni, mwanawe ana ukurutu.
Mwalimu Tsuma, anataka ya ndevu, asijue mkewe.
Kisha wapigie wiki hiyo hiyo.
Mimi niliona haya, nikakaa mwezi,
na kila niliyempigia aliuliza, "Sidi yupi?"
"Yule wa mbuzi," nikajibu,
na wachache wakakumbuka.

Kitambaa mrudishie mke wa pasta; doa lile anajua.
Maji ya kunywa beba mwenyewe.
Bango la Nzai usilitupe, litundike vivyo hivyo lilivyo.
Anayeuliza amesimama,
na aliyesimama ana mkono wa kupakwa.

Halafu hili, liandike kwenye jalada la daftari,
kwa wino, usilitegemee kichwani:
ni lita arobaini. Nimepima mwaka mzima,
miezi ya mvua na miezi ya kiangazi.
Ukimwona mama mnene, kalamu sikioni,
usingoje akuulize.