Nyuma ya Ukuta wa Sinema

Mume wangu Raogo yumo ndani, mkubwa kama nyumba,
nami niko nje na beseni la karanga.
Tikiti ni faranga mia tano.
Beseni zima, likiuzika, ni elfu mbili,
na karanga zenyewe si zangu zote.

Sijaiona filamu. Naisikia.
Sinema hii haina paa, kwa hiyo haina siri,
sauti zinauruka ukuta kama mbuzi.
Kwanza pikipiki, asubuhi ya Dapoya.
Kisha mtu anahema.
Huyo ni wangu. Pumzi ile imelala shingoni mwangu miaka kumi na mmoja.

Anapandisha saruji ghorofa ya tatu.
Humo ndani anaipandisha mara moja tu.
Lakini siku ile nilikuwepo, nimemshikia kandambili:
mara tisa!
Ya kwanza, jua lilijificha.
Ya pili, jogoo aliwika.
Ya nne, kijana wa kamera alisema, samahani mzee, umetutazama.
Ya sita, Raogo aliuliza kama mfuko unaweza kujazwa pumba,
na Bwana Kouka, mwenye filamu, mtu mpole,
mtoto wa fundi baiskeli wa Gounghin,
alijishika kichwa: "Wataona. Mgongo haujui kudanganya."
Basi mgongo ukasema kweli tena, na tena, na tena.
Ya tisa hakuna aliyesema kitu. Hata jogoo.

Katika filamu jioni inafika, mwenye jengo anatoroka na ujira,
naye anarudi kwa mkewe mikono mitupu.
(Mkewe ni msichana wa chuo. Analia vizuri, nakiri.)
Kumbe usiku ule ule Raogo wa kweli
alirudi na faranga elfu kumi na tano.
Tulinunua nyama, tukalipa deni la duka,
nikamkanda mgongo kwa mafuta ya shea,
tukacheka mpaka mtoto akaamka.
Siku aliyoigiza ufukara ndiyo siku tuliyoshiba.
Sijui niiweke wapi habari hii.

Sasa kimya.
Hapo ndipo anapokaa kwenye ngazi, anahesabu vidole badala ya pesa.
Poko wa dirisha la tikiti ndiye aliyenisimulia.
Watu mia mbili, hata kikohozi hakuna.
Kisha mlango unasukumwa,
wanatoka wawili, watatu, macho mekundu,
wanatafuta kitu cha kutafuna.
Huzuni, nimegundua, ina njaa.
Napima kwa kikopo cha nyanya, naongeza kidogo juu.
"Mama, umeiona?" kijana wa miwani ananiuliza.
"Inauma. Yule mzee!"
Yule mzee ana miaka thelathini na minane.
Namrudishia chenji yake.

Raogo yuko Tampouy, zamu ya usiku,
anashusha vitunguu vya lori la Niger.
Naye hajaiona.
Akirudi alfajiri, kabla hajavua shati, huuliza jambo moja:
"Jana, pale kwenye ngazi,
nimekuuzia vikopo vingapi?"