Nyuma ya Nguo

Juu ya duka la samaki na chipsi, Llandrindod,
Glenys Prosser anashona kilima.

Si cha kupanda, cha kuvaa:
mahameli ya rangi ya zambarau iliyopauka,
mapazia ya hoteli iliyofilisika,
aliyoyanunua kwa pauni nne, akayafua mara tatu
mpaka maji yakaacha kutoa moshi wa sigara za marehemu.

Cherehani anayo. Imefunikwa taulo, juu yake kalala paka.
"Marged hakuwa na umeme," asema,
kastabini imemganda kidoleni kama jino la pili.
Marged, bibi wa bibi yake, aliwashonea mabibi
waliokuja hapa kunywa maji ya chemchemi
yanayonuka mayai viza.
Aliwashonea sabini, labda themanini.
Yeye mwenyewe ana picha moja:
aproni, na nyuma bapa kama ubao.

Wahenga wetu walisema, nguo ya kuazima haisitiri matako.
Hii haikuja kusitiri.
Imekuja kuyazua pale yasipokuwepo.

Chini yake kuna kiunzi:
vibanio vya plastiki vya kufungia nyaya,
vimepindwa nusu duara, vimepenyezwa kwenye mifereji ya kitambaa;
kijito kilichoshindiliwa manyoya;
na kanda za kiunoni, ambazo mara ya kwanza alizifunga kinyume,
akazunguka sebule, mjamzito wa miaka sitini na mitatu,
akacheka peke yake mpaka paka akahama.

Mbele ilikuwa kazi ya siku mbili,
imenyooka kama uso wa karani.
Nyuma, miezi mitano:
rinda juu ya rinda, kila moja likapigwa bandi,
likashonwa, likafumuliwa, likashonwa tena.
Katikati ya rinda la arubaini akaweka sindano chini.
Mwenye nguo haioni kazi hii.
Kioo kimoja hakitoshi, wala shingo haigeuki hivyo.
Hii ni nguo ya kutazamwa na wanaobaki
unapoondoka.

Emrys aliondoka na begi la michezo
na koti lililofumuka mshono wa bega.
Glenys aliutazama mshono ule dirishani
mpaka ukakata kona ya posta.
Alitaka kumwita. Si arudi.
Asimame tu, dakika tano, aushone.

Siku ya tamasha, mwezi wa nane, mvua.
Ndani ya basi kilima kikakataa kiti.
Akasimama vituo kumi na kimoja, ameshika nguzo,
ndani ya bitana, pasipofika jicho, herufi M ya uzi mweupe
ikimkwaruza goti.

Bustanini wakampiga picha: mbele, mbele, mbele.
Akasema asanteni.
Kisha akageuka akaenda zake,
taratibu kuliko ilivyohitajika,
hadi kona ya posta.

Mtoto mmoja akauliza, "Mama, yule amebeba nini?"
Mama yake alikuwa anahangaika na mwavuli.