Jozi

Kutaisi, Novemba. Tsiala anapasua jozi
kwa nyundo ya marehemu mumewe,
anazitwanga na saumu, giligilani, siki kidogo,
anazikanda na mchicha uliochemshwa.
Ana miaka themanini na moja.
Chumvi ametia mara mbili.

Mimi nimetoka maabara, macho mekundu.
Wiki nzima nachungulia bongo za panya wazee,
wale tuliowalisha mafuta na sukari,
vipande vyembamba kushinda ngozi ya kitunguu.
Sitafuti seli zenye umeme na sifa.
Natafuta watumishi wao:
wenye umbo la nyota, wanaopakua chakula,
wanaozivika nyaya shuka la mafuta,
na wale wadogo, wenye fagio.
Zamani waliitwa gundi, basi.
Kwa panya hawa mfagizi amezeeka vibaya,
taka anaziruka,
anang'oa kilicho kizima.

"Hiyo gundi," anauliza Tsiala, "hula nini?"
Nacheka. Ndilo swali letu,
tumelipiwa miaka mitatu tulijibu.

Kisha ananiita Eteri.
Eteri ni dada yake,
tulimzika nikiwa darasa la pili.
Naitika.

Nyundo inashuka. Safari hii ganda linaachia lenyewe:
nusu mbili, mikunjo kwa mikunjo,
jozi ndani ya jozi.
Anaitazama kitambo, kama barua
aliyoiandika mwenyewe na haisomeki.
"Kula, Eteri. Wewe na kusahau kula!"

Naonja. Chumvi imezidi.
Namaliza sahani.