Upande wa Pili, Kibao cha Tatu

Elfu tatu na mia tano, kijana akasema,
akilipangusa jalada kwa mkono wa shati.
Nikahesabu noti. Asubuhi ile nilikuwa nimeuza feni
na redio mbili za watu waliosahau kurudi.
Vibao Bora vya Nyundo Saba, herufi za dhahabu,
vijana wanne, nywele kama kayaba isiyokatwa,
wameegemea ukuta wa ghala Eneo la Viwanda.
Wanne. Mtu alipouliza hao watatu wako wapi
Muindi alijibu: ni spika.

Pembeni mwa picha kuna kiwiko.
Ni changu. Nilikuwa nimeshika waya usiteme cheche.

Ndani, kijitabu cha kurasa kumi na mbili:
shukrani kwa benki, kwa mpiga chapa,
kwa mbwa wa mtayarishaji, jina lake Simsim.
Nilisoma mara mbili. Nikakunja miwani.

Lakini sikuinunua santuri kwa ajili ya jina.
Nilitaka upande wa pili, kibao cha tatu.

Kilirekodiwa Ngara, juu ya duka la vitambaa,
trei za mayai zimegandishwa ukutani kwa uji wa ngano,
mende wakila ukuta, sisi tukila mandazi.
Ampu niliiunda mwenyewe, kibandani Grogani,
kati ya mtu wa silensa na mtu wa rejeta:
sanduku la majani chai,
transfoma ya sinema iliyofungwa,
vali nne za redio ya padri.
Ilikuwa na nguvu ya kuamsha mtaa
na dosari moja: waya wa ardhi sikuulehemu vyema.
Ikavuma. Mfululizo, chini kwa chini,
kama mtu anayekumbuka jambo na hataki kulisema.

Mtayarishaji akatukana. Ochola akatupa fimbo za ngoma.
Nilikuwa nimeshapiga magoti, chuma cha moto mkononi,
Agnelo wa besi aliponishika bega.
Ngoja, fundi.
Akainamisha sikio. Akakaza uzi mmoja, akalegeza mwingine,
taratibu, mpaka besi na mvumo vikawa sakafu moja.
Umeme umeshataja noti yake, akasema,
sisi ni nani tuubishie?
Muindi hakugusa gitaa lake. Muindi
hakumbadilishia mtu chochote.

Saa nane usiku stima ikalegea, mashine ya kanda ikakokota,
ndiyo sababu mwishoni Wekulo anaimba
kama aliyebanwa na mlango.
Watu walidhani ni ufundi. Wakaiga.

Basi jana nimeweka sindano.
Kwanza kimya, kimya kisafi cha hospitali.
Wameufuta mvumo wangu. Nasikia kuna mashine siku hizi
zinazoona uchafu hadi ndani ya pumzi.
Wekulo habanwi tena na mlango wowote.
Na besi, maskini, imesimama peke yake,
nje kidogo ya wenzake,
inajibu swali lililofutwa.
Vijana watasema: huyu jamaa hakujua kukaza nyuzi.
Na Agnelo amelala Lang'ata, hana mdomo.

Nikaenda stoo. Chini ya magunia, ile ampu.
Panya walikuwa wamekula kitambaa, vali wakaziacha.
Nikaichomeka, nikasubiri zipate wekundu.
Waya wa ardhi sikuugusa.
Nikarudisha sindano mwanzo.

Nafuna, binti yangu, akachungulia:
Baba, kuna kitu kinavuma.
Nikamwashiria akae.
Zilikuwa bado ngoma peke yake.
Besi ilikuwa haijaingia.