Kitako cha Gorogoro

Nyota nambari elfu saba mia tatu na kumi na mbili
haina jina, ina safu yake tu katika jedwali langu,
na safu hiyo leo inaninyima usingizi hapa Maseno.

Njoro wanasema ina upungufu wa chuma.
Eldoret wanasema chuma ni tele.
Kakamega, ambao huchelewa kila Ijumaa,
wametuma maneno matatu: Hii tumeshindwa nayo.

Kazi yangu si kutazama nyota.
Mwanga ulikwisha kusanywa na darubini ambayo mlango wake siujui,
ukachambuliwa rangi, kutoka wekundu hadi urujuani,
ukatiwa katika faili laki mbili,
na katika kila utepe ipo mistari myeusi, myembamba,
pale ambapo chuma, kalsiamu, magnesiamu
zilimeza fungu lao la nuru.
Tunasoma kilicholiwa ili tumjue mlaji.

Kazi yangu ni kupatanisha wasomaji.
Kupiga simu. Kuomba radhi. Kuuliza
orodha yenu ya mistari ni ya mwaka gani,
na nani alibadili faili usiku bila kuandika.

Sokoni Chwele ndugu yangu Mukhwana hununua mahindi kwa gorogoro.
Ameyajua yote kwa kuyapapasa:
la Mama Nasipwondi limebondwa kitako,
la jirani yake limeongezwa mdomo wa bati.
Hagombani. Ana debe moja analoliamini,
hupimia humo kwanza,
kisha huandika tofauti ya kila mtu ukutani, kwa mkaa.
Nami nikawapa wote Jua:
lipimeni hili, linalotuunguza mgongo.
Nikaona kila kitako kilivyobonyea.

Tangu hapo ugomvi ulitulia. Isipokuwa huu.

Saa nane usiku, stima imerudi mara ya pili.
Kidole changu kiko juu ya kitufe cha wastani:
jumlisha, gawanya, songa mbele,
zimebaki nyota laki moja na tisini elfu.
Wastani una adabu. Haumvunjii mtu heshima.

Ndipo Khavere, mwanafunzi wangu, njugu mdomoni,
akauliza mbona kila mstari una bega.

Bega.
Nikaukuza mstari wa chuma hadi ukajaa kioo,
na kweli, ubavuni mwa bonde palikuwa na bonde jingine,
dogo, limesogea upande wa wekundu.
Nyota mbili. Zinazungukana kwa ukaribu
hata darubini ikaona doa moja.
Njoro walimsikia huyu, Eldoret wakamsikia yule,
na Kakamega walishindwa kihalali.

Mimi naitwa Mulongo.
Mkunga wa Kimilili alikwisha andika daftarini
mtoto mmoja, wa kiume, mzima,
aliposikia mama akiguna tena.
Mpaka leo daftari lile lina wino wa rangi nyingine
pale neno mmoja lilipokatwa.

Nimeifuta safu. Nimeandika mbili.
Saa kumi na mbili asubuhi nimewapigia Njoro,
wakapokea kwa sauti ya mtu aliyejiandaa kulaumiwa.